Sikukuu Haiimbwi na Mtu Mmoja

Krismasi iliyopita sikwenda ushago. Niliambia watu nauli imepanda, na hilo ni kweli kila Desemba, lakini sababu yenyewe ni kwamba niliacha chuo nikiwa mwaka wa tatu, na kwetu Bungoma kuna shangazi ambaye huuliza maswali kwa sauti ya kufika hadi kwa jirani. Basi nikabaki kwa keja Roysambu, nikapika pilau ya mtu mmoja (hebu jaribu kupika pilau ya mtu mmoja uone), halafu nikafungua albamu ambayo rafiki yangu alikuwa amenitumia kitambo nikaisahau: Abayudaya: Music from the Jewish People of Uganda. Siku ya Krismasi, kumbe nimechagua kukaa na watu ambao Krismasi haiwahusu hata kidogo.

Albamu ilitolewa mwaka 2003 na Smithsonian Folkways. Aliyeirekodi ni Jeffrey Summit, Mmarekani ambaye ni rabi na pia msomi wa muziki, na baadaye iliteuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Abayudaya ni Wayahudi wa mashariki mwa Uganda, karibu na Mbale. Ukitoka kwetu, ni kuvuka mpaka tu na umefika. Bibi yangu alikuwa akienda soko za upande ule kama mimi ninavyokwenda Githurai. Lakini hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba nyuma ya soko hizo kuna vilima ambako Ijumaa jioni watu hufunga kazi na kuimba kwa Kiebrania.

Kitu cha kwanza kilichonishtua ni jinsi nilivyozoea kile nilichokuwa nikisikia. Zile sauti nne, soprano juu na besi chini, nazijua. Ni kwaya. Ni kwaya kabisa, ya kanisa la mashambani, ya watu waliofundishwa nyimbo za wamishonari kisha wakazipinda hadi zikawa zao. Hii si ajabu ukijua historia. Semei Kakungulu, jemadari Mganda aliyeuteka upande wa mashariki kwa niaba ya Waingereza halafu akaona wamemzunguka, alikuwa Mwanglikana kabla ya kuanza kusoma Agano la Kale kwa macho yake mwenyewe. Mwaka 1919 akatahiriwa, yeye na wanawe, akasema sisi sasa ni Wayahudi. Alibadilisha dini, lakini koo za watu zilibaki zilezile.

Kuna jambo dogo katika historia hiyo ambalo naliona ndilo kubwa. Kakungulu alikuwa na Biblia, na Biblia ilimpa sheria. Ilimwambia kuna Pasaka, kuna Sikukuu ya Vibanda, kuna Siku ya Upatanisho. Lakini kuijua sikukuu ni kitu kimoja, na kujua kwamba inaangukia lini, na ikifika watu wakae vipi na waanze na nini, ni kitu kingine. Mwaka 1920 akatokea mgeni Myahudi ambaye jamii inamkumbuka kwa jina moja tu, Yosef. Alikaa nao kama miezi sita, akawafundisha kalenda na jinsi ya kushika sikukuu zake, kisha akaenda zake. Mimi nikimfikiria Yosef namwona akihesabu miezi na watu chini ya mti. Kitabu kinaweza kukupa imani ukiwa peke yako chumbani. Sikukuu hupewi na kitabu. Lazima mtu aje akwambie ni leo.

Na ndiyo maana nadhani watu wengi huisikiliza albamu hii vibaya. Wageni huja na mshangao wao: wee, Wayahudi Weusi, na gita! Ukishika mshangao huo mapema hutasikia kitu kingine. Mimi nilichosikia, baada ya kurudia mara ya tatu au ya nne, ni watu wanaohitajiana. Sauti moja inatangulia na wengine wanaingia nyuma yake. Kuna mahali wanaingia wakiwa wamechelewa kidogo, na Summit hakukata, nami namshukuru. Kwa desturi ya Kiyahudi kuna sala ambazo haziwezi kusaliwa mpaka watu kumi watimie. Wakiwa tisa, mnangoja. Ukikosa kwenda, hukujinyima wewe tu, umewazuia wengine tisa. Nilipolisoma hilo niliweka sahani chini.

Sasa hebu waza sheria kama hiyo chini ya Idi Amin. Aliipiga marufuku dini yao, masinagogi yakaenda, na jamii iliyokuwa na maelfu ya watu ikabaki na mia chache. Wengine waliingia Uislamu, wengine Ukristo, na siwezi kuwahukumu. Waliobaki walisali kwa siri. Lakini Sikukuu ya Vibanda inataka ujenge kibanda nje, chini ya anga, mahali ambapo kila mpita njia anakiona. Mwaka Mpya wao unataka pembe ya kondoo ipulizwe. Pembe utaipuliza kimyakimya vipi? Unaweza kuficha sala moyoni, lakini sikukuu inapiga kelele kwa asili yake, na serikali za aina ile huliona hilo haraka kuliko sisi.

Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, askari wa Tanzania na Waganda waliokuwa uhamishoni wakiingia mjini. Kalenda ya Kiyahudi inafuata mwezi, kwa hivyo tarehe zake huhamahama kwenye kalenda yetu ya ukutani. Mwaka ule, jioni ya siku hiyohiyo ndiyo Pasaka ilipoanza. Pasaka, usiku wa kusimulia jinsi watu walivyotoka chini ya Farao. Kama ningeiweka hiyo katika hadithi fupi, mhariri wa jarida hili angenirudishia aniambie nimezidisha.

Muziki mwingi unaopendeza kwenye albamu ulizaliwa baada ya hapo. Miaka ya 1980 kikundi cha vijana, Gershom Sizomu akiwa mmoja wao, kiliamua kuirudisha jamii kwenye kilima cha Nabugoya. Walishika gita, wakachukua Zaburi na kuzitungia tuni zinazofanana na zile zilizokuwa zikichezwa redioni. Sizomu baadaye alikwenda kusoma Marekani na mwaka 2008 akawa rabi. Mimi nawakumbuka zaidi wakiwa vijana wa rika langu, bila vyeti vya urabi, bila fedha, wakitafuta njia ya kuwafanya wenzao waje Ijumaa. Gita ndiyo ilikuwa mwaliko. Kuna mistari ya gita humu ambayo mtu wa Kinshasa angeitambua ikiwa bado mlangoni.

Lakini nina malalamiko, na si madogo.

Kwenye albamu kuna Lekha Dodi, wimbo wa Ijumaa jioni ambao Wayahudi wengi duniani huukaribisha Sabato kwa huo kama anayekaribishwa ni bibi harusi. Aya ya mwisho ikifika watu hugeuka na kutazama mlangoni. Sheria, kwa wanaoishika sawasawa, hairuhusu kuwasha mashine siku ya Sabato, na Summit ni rabi. Kwa hivyo nachukulia kwamba ninachosikia kiliimbwa siku nyingine, mbele ya kipaza sauti, bila bibi harusi yeyote kungojwa. Ni kama picha za harusi zinazopigwa wiki moja baadaye kwa sababu mvua ilinyesha. Suti ni ileile na tabasamu ni lilelile, ila mgeni wa siku hayumo.

Simlaumu Summit kwa kuheshimu sheria. Namlaumu kwa mpangilio. Zaburi moja, kisha wimbo wa watoto, kisha bembelezi, kisha sala: unaonjeshwa kila chungu kijiko kimoja na sahani inaondolewa. Sikukuu ya kweli ni ndefu, bana. Usiku wa Pasaka una masimulizi yasiyoisha huku chakula kikingoja, mtoto mdogo anauliza maswali yake manne kisha anasinzia, na wazee wanabishana ni tuni ipi iliyokuwa ya asili. Nilitaka walau dakika ishirini za uchovu huo. Kijitabu cha albamu kinaeleza mengi na kinaeleza vizuri, ila kimeandikwa kwa mtu wa mbali sana. Hakuna mahali kinapomjua msikilizaji anayetoka ng'ambo tu ya mpaka, ambaye Lugwere linamjia masikioni kama lugha ya binamu, neno hapa neno pale, halafu linapotea.

Siku zile bado nasoma nilikuwa nikipita karibu kila siku mbele ya sinagogi la Nairobi pale University Way. Ukuta, mlinzi, miti. Jumuiya hiyo ina zaidi ya miaka 100 hapa mjini, na sikuwahi kujiuliza ndani kunaimbwa nini. Hata ule mpango maarufu wa Waingereza wa 1903 wa kuwapa Wayahudi "Uganda" ulihusu Uasin Gishu, ambako sasa ni Kenya. Nimefanya mtihani wa historia na kupita bila kulijua hilo.

Nimeisikiliza albamu tena juzi, nikiwa nafua. Ile besi inayoingia ikiwa imechelewa bado ndiyo mahali ninapopapenda kuliko pote. Jumapili nikampigia Mama simu. Sikutaja chuo, naye hakutaja. Nikamuuliza siku hizi ni nani anayeimba besi kanisani kwetu. Akacheka, akasema tangu Mzee Wafula aanze kukohoa besi haina mtu, na shangazi anauliza Pasaka nitakuja au nitasingizia nauli tena.