Wapima Kina wa Ziwa, Hongereni

Ukisimama Sake, ukingoni mwa Masisi, utaiona Ghuba ya Kabuno, sehemu ya Ziwa Kivu, imetulia kama maji ya mtungini. Lakini ziwa halioneshi tumbo lake. Wapima kina ndio wanaotufunulia.

Kazi yao inataka subira. Chombo hutuma mlio chini. Majini sauti hukimbia karibu mita 1,500 kwa sekunde, hugonga sakafu ya ziwa na kurudi. Mwangwi ukichukua sekunde 0.4 kwenda na kurudi, kina ni mita 300. Chombo hupita mstari baada ya mstari, mpaka mabonde na miinuko ijichore.

Ndivyo tulivyojua kwamba Ziwa Kivu lina kina cha mita 480 hivi, na kwamba Kabuno imetengwa na ziwa kubwa kwa kizingiti kilichozama mita 10 tu. Kilindini imelala gesi ya kaboni dioksidi na methani, na ramani ndiyo inayoonesha pa kuichunguza. Gesi ya namna hiyo huweza kuua: mwaka 1986, kaboni dioksidi ya Ziwa Nyos, Kameruni, iliua watu wapatao 1,700.

Enyi wapimaji, mnawalinda wavuvi wasiowajua hata kwa sura.