Karatasi Kati ya Nyuzi

Msafiri afikaye Memphis, katika jimbo la Tennessee, kwa mapenzi ya muziki, aghalabu huongozwa kwanza kwenye jumba la Graceland, ambalo Elvis Presley alilinunua mwaka 1957 akiwa kijana wa miaka 22, na ambalo tangu mwaka 1982 liko wazi kwa kila mwenye tiketi. Mimi na sahibu yangu, tuliokuwa katika safari ndefu ya gari, hatukujifanya bora kuliko wengine: tulipanga foleni, tukatazama vioo na mazulia na ndege za marehemu zilizoegeshwa ng'ambo ya barabara, tukatoka macho yameshiba. Lakini jumba lile hunena habari za mali, na mali, hata ikiwa ya halali, haiwezi kumweleza mtu namna wimbo unavyofanywa. Kwa sababu hiyo asubuhi ya pili tulivuka mto Mississippi, tukaingia Arkansas, tukaelekea kaskazini kuitafuta nyumba ndogo ya mwanamuziki mwingine, aliyerekodi katika studio ile ile ya Sun alimoanzia Elvis.

Baada ya mwendo wa karibu saa moja, katika nchi tambarare kama jamvi lililotandikwa, tulifika Dyess, mji mdogo ambao dhiki ndiyo iliyouzaa. Mwaka 1934, uchumi wa Marekani ulipokuwa umeanguka, na wakulima wasio na ardhi wakawa hawana hata wa kumkopa, serikali ya Rais Franklin Roosevelt ilitenga takribani eka 16,000 za msitu na kinamasi, ikakusudia kuzigawa kwa familia 500 hivi, kila familia ipewe nyumba, nyumbu na shamba la eka 20 au zaidi, kwa mkopo wa kulipwa kwa jasho. Barabara zilipangwa mithili ya njiti za gurudumu la mkokoteni, majengo ya utawala yakiwa ndiyo kitovu. Ni insafu kusema pia kwamba mlango wa hisani ile ulifunguliwa kwa Wazungu peke yao. Mtu mweusi aliyekuwa na njaa ile ile, katika kaunti ile ile, hakuandikwa daftarini.

Miongoni mwa walioandikwa alikuwamo Ray Cash, pamoja na mkewe Carrie na watoto wao, waliowasili Machi 1935 kutoka Kingsland. Mmoja wa watoto hao alikuwa na umri wa miaka 3, akiitwa kwa herufi mbili tu, J.R.; ndiye ambaye ulimwengu ulikuja kumjua kwa jina la Johnny Cash. Mwenyewe alihadithia ukubwani kwamba walipoingia katika nyumba yao mpya walikuta makopo matano matupu ya rangi katikati ya sakafu, na zaidi ya hayo hapakuwa na kitu.

Mgeni wa leo hanunui tiketi mlangoni pa nyumba. Hununua kitovuni pa mji, kisha hupakiwa pamoja na wenzake katika gari dogo linalowapeleka kwa barabara ya changarawe, mpaka kwenye nyumba nyeupe ya mbao, ya vyumba vitano, iliyosimama peke yake katikati ya mashamba. Chuo Kikuu cha Jimbo la Arkansas kiliinunua mwaka 2011, na kabla ya kuifungua Agosti 2014 kililazimika kuinyanyua nzima nzima, kuuchimbua udongo uliokuwa chini yake, na kuirudisha mahali pake juu ya msingi mpya, maana ilikuwa imeanza kulala upande kama jahazi lililopwelewa. Kiongozi wetu alipokuwa akieleza habari hizi, sahibu yangu, mzaliwa wa Shinyanga aliyekulia katika pamba, alikuwa ameshainama nje ya baraza, ameshika donge jeusi, analifinya kati ya vidole. "Hii ni mbuga," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekutana na jamaa yake ugenini. Udongo ule, ambao wenyeji huuita gumbo, hunywa maji ukavimba, na jua likiwaka hupasuka; huistawisha pamba, na nyumba huzipinda.

Katika nyumba hii hakuna cha fahari. Umeme ulikuwa haujafika familia ilipohamia, nao ulichelewa miaka mingi. Choo kilikuwa nje. J.R. alianza kazi utotoni kwa kuwapelekea maji wachumaji, na alipopata nguvu akakokota gunia lake mwenyewe. Kulikuwa na redio ya betri, ambayo baba aliilalamikia kwa kuona kwamba inampotezea kijana wasaa, na kulikuwa na piano ya mama. Nilisimama mbele ya piano ile kwa muda mrefu zaidi kuliko mbele ya kitu chochote nilichokiona Graceland. Carrie Cash aliamini kwamba mwanawe amejaliwa sauti, akafua nguo za watu ili apate fedha za kumlipia mafunzo. Na mwalimu, baada ya masomo matatu tu, alimwambia kijana asirudi tena, wala asimruhusu mtu yeyote kumbadilishia namna yake ya kuimba. Mimi nimewasikia walimu wengi wakisifiwa kwa walichofundisha. Huyu nitamsifu kwa kujua mahali pa kukomea.

Msiba nao uliingia humu. Mei 1944 Jack, kaka ambaye J.R. alimpenda kupita wote, aliyekuwa na miaka 14 na nia ya kuwa mhubiri, alijeruhiwa na msumeno wa mashine alipokuwa akikata nguzo za ua ili aiongezee familia senti chache, akafa baada ya siku kadhaa. J.R. alikuwa na miaka 12. Kiongozi wetu alilisema jambo hili kwa maneno machache, na tulimshukuru kwa uchache wake.

Sasa niseme juu ya ufundi wenyewe, kwa kuwa ndio ulionipeleka kule. Mwaka 1954 Cash alirudi kutoka jeshi la anga, ambako kazi yake huko Ujerumani ilikuwa kutega sikio kwenye vyombo na kunakili ishara za Morse za Warusi, na akakutana Memphis na mafundi magari wawili, Luther Perkins na Marshall Grant. Ustadi wa watu hao katika muziki ulikuwa haba. Grant alikabidhiwa besi asiyoijua, ikambidi abandike vipande vya utepe kwenye shingo yake ili akumbuke kila noti ilipo. Perkins alidonoa noti moja moja kwa hadhari, kama avukaye mto kwa kukanyaga mawe. Ngoma hawakuwa nayo. Walipohitaji mlio wa ile ngoma ndogo ichapwayo kwa vijiti, Cash alikunja karatasi akaipenyeza kati ya nyuzi za gitaa lake, na nyuzi, badala ya kulia wazi, zikawa zinakwaruza kwa mapigo yaliyolingana, mfano wa gari moshi linaloanza kushika mwendo. Dunia nzima ikaja kuutambua mlio ule, na wapigaji wenye vidole vyepesi mara kumi wakajifunza kuuiga.

Tena uko ule wimbo wake wa mwaka 1956 uitwao I Walk the Line. Wimbo huo huhama ufunguo kutoka ubeti hadi ubeti, na mwimbaji, ili asipotee, huguna chini chini kabla ya kila ubeti mpaka aikamate sauti aitakayo. Mwingine angeliona kuguna kule ni aibu, akakufanyia faraghani; Cash alikuacha hadharani, kukawa sehemu ya uzuri. Sisi tuliolelewa na vina na mizani tunalijua jambo hili kwa upande wetu: mshairi aliyefungwa na mizani minane katika kila kipande hatungi licha ya kifungo, bali kifungo ndicho kinachomlazimisha kulitafuta neno ambalo, lau angelikuwa huru, asingelifikia kamwe. Ni kweli kwamba huko Kenya, ambako muziki huu wa mashambani mwa Marekani una wapenzi wengi, Jim Reeves na sauti yake ya asali ndiye aliyetangulia kushika nyoyo, wala sina ugomvi na asali. Lakini asali huteleza. Sauti ya Cash ina chembe za mchanga, na ndiyo maana hukaa.

Tulipotoka, sahibu yangu aliomba ruhusa ya kuvuka barabara, akachuma tumba moja la pamba, akanionyesha jinsi ncha kavu za ganda zinavyochoma pembeni mwa kucha, mahali ambapo mchumaji hutoka damu mpaka vidole vizoee. Alilitia mfukoni. Hatukuzungumza sana mpaka Memphis.

Msomaji atakayejaliwa kupita njia ile, na aanze Graceland akipenda, haitamdhuru. Akifika Dyess na amwombe dereva wa lile gari dogo azime injini kwa dakika chache, kisha akae barazani. Sisi tulifika Oktoba, na kilichosikika kutoka pale kilikuwa upepo, na kwa mbali mashine moja ikichuma shamba ambalo zamani lilihitaji mikono ya jamaa nzima.