Mikono Isiyohesabiwa: Uhakiki wa Historia ya Studio ya Smallfilms

Sehemu hii inahakiki historia ya Smallfilms, studio ndogo ya Uingereza iliyotengeneza filamu za watoto kwa uhuishaji wa picha mojamoja: kikaragosi husogezwa kidogo, hupigwa picha, kisha husogezwa tena. Studio hiyo ilianzishwa mwaka 1959 na Oliver Postgate na Peter Firmin. Makao yake yalikuwa zizi la ng'ombe lisilotumika tena, shambani kwa Firmin huko Blean, karibu na Canterbury.

Kwa kawaida historia hiyo husimuliwa kama kisa cha mafundi wawili walioushinda uhaba kwa kipaji. Postgate aliandika, alipiga picha na kusimulia. Firmin alichora na kuunda vikaragosi. Maelezo hayo ni ya kweli, ila hayajitoshelezi. Fani ya Smallfilms haiwezi kueleweka iwapo mikono mingine iliyoijenga itachukuliwa kuwa ya pembeni.

Mfano wa kwanza ni The Clangers, iliyoanza kurushwa na BBC mwaka 1969. Viumbe wake wa rangi ya waridi, wakazi wa sayari ndogo, walifumwa kwa sufu na Joan Firmin, mke wa Peter. Ufumaji huo si pambo. Nyuzi zinazoonekana wazi humjulisha mtoto kuwa kiumbe huyo ametengenezwa na mtu, tena kwa kitu ambacho mtoto mwenyewe hukivaa. Hivyo anga za mbali hupata joto la nyumbani, na joto hilo limetokana na kazi ya mfumaji.

Bagpuss ya mwaka 1974, yenye vipindi 13, inaitia nguvu hoja hii. Paka wake wa kitambaa alikusudiwa kuwa na rangi ya chungwa; kosa la watia rangi likampa mistari ya waridi, na Firmin akalifurahia. Sandra Kerr na John Faulkner walitoa muziki pamoja na sauti za baadhi ya wahusika. Emily, bintiye Firmin, ndiye mtoto aonekanaye katika picha za mwanzo.

Maudhui yenyewe yanakwenda sambamba na utengenezaji huo. Duka la Emily haliuzi kitu. Vitu vilivyopotea huletwa humo, hujadiliwa na kutengenezwa na wahusika wengi, kisha huwekwa dirishani vimsubiri mwenyewe. Filamu inayosifu ukarabati wa pamoja haipaswi kuandikiwa historia ya watu wawili pekee.

Inaweza kupingwa kuwa ubunifu ulikuwa wa Firmin na uongozi wa Postgate. Pingamizi hilo lina uzito, lakini linatenganisha kubuni na kutengeneza katika sanaa ambayo malighafi yake ndiyo huzungumza na mtazamaji. Uhaba wa Smallfilms haukushindwa kwa kipaji peke yake. Sehemu ya gharama yake ililipwa kwa kazi ya nyumbani. Mhakiki asiyeihesabu kazi hiyo huisifu fani huku akikosea chanzo chake.