Ahadi za Watazamaji Mia Saba: Uhakiki wa Ombi la Mchango kama Masimulizi katika Kituo cha WYAH-TV, Virginia

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa televisheni ya Kikristo kwa kawaida huegemea mojawapo ya pande mbili. Wapo wanaoitazama kama mimbari iliyohamishiwa kwenye kioo. Hao huchambua mahubiri na kuyaacha mengine. Wapo pia wanaoitazama kama biashara iliyovaa joho la dini. Hao huhesabu fedha na kuyaacha masimulizi. Pande zote mbili huliweka ombi la mchango nje ya kazi inayohakikiwa. Kwa upande wa kwanza, ombi ni usumbufu unaokatiza ujumbe. Kwa upande wa pili, ni ushahidi wa hila. Makala haya yanadai kwamba ombi hilo ni sehemu ya utungo wenyewe, na kwamba katika kituo kidogo ndilo linaloupa utungo mzima msuko wake. Dai hili linajadiliwa kupitia WYAH-TV, kituo cha mji wa Portsmouth, jimbo la Virginia nchini Marekani, kilichoanza kurusha matangazo tarehe 1 Oktoba 1961. Kinachohakikiwa ni umbo la ombi na mabadiliko yake, si imani ya walioliomba wala ya walioliitikia.

2.0 Mhimili wa kinadharia

Uchambuzi unaongozwa na mawazo ya aina mbili. Horton na Wohl (1956) walieleza kuwa mtangazaji anayezungumza akiitazama kamera humjengea mtazamaji hisia ya kufahamiana naye, ilhali uhusiano huo ni wa upande mmoja. Fisher (1984) naye anashikilia kuwa binadamu hupima hoja kama anavyopima hadithi: je, sehemu zake zinashikamana? Je, inaafikiana na yale ayajuayo kuwa kweli katika maisha yake? Mawazo ya kwanza yanatusaidia kueleza kwa nini mtazamaji huitika. Ya pili yanatupa kipimo cha kuuliza iwapo alichokiitikia ni hadithi iliyokamilika.

3.0 Uhaba kama muktadha wa utunzi

WYAH-TV ilikuwa mali ya shirika la CBN, lililosajiliwa Januari 1960 na Pat Robertson, mhitimu wa sheria na mwana wa Seneta A. Willis Robertson wa Virginia. Herufi za jina la kituo zilidokeza jina la Mungu, Yahwe. Hata hivyo, ukuu wa jina haukulingana na uwezo wa mitambo. Kituo kilirusha matangazo kwa saa chache za jioni kupitia chaneli 27, katika masafa ya UHF. Wakati huo televisheni nyingi za majumbani hazikuweza kunasa masafa hayo bila kifaa cha nyongeza. Sheria ya kuwalazimu watengenezaji kuunda televisheni zinazonasa UHF ilipitishwa mwaka 1962 na kuanza kutekelezwa mwaka 1964.

Maelezo haya ya kiufundi yana uzito wa kihakiki. Anayetangaza kwa watu wachache hawezi kutumaini fedha za matangazo makubwa ya biashara. Hana budi kuwageukia watazamaji hao hao wachache na kuwaeleza kwamba uhai wa kituo uko mikononi mwao. Kwa mantiki hiyo, uhaba haukuwa mazingira tu ya utunzi; ulikuwa ndio tatizo linalosimuliwa.

4.0 Uchambuzi

4.1 Hesabu kama msuko

Mwaka 1963 kituo kilifanya changizo hewani. Gharama zake zilikadiriwa kuwa dola 7,000 kwa mwezi, na Robertson aliomba watazamaji 700 waahidi dola 10 kila mmoja kwa mwezi. Kutokana na ombi hilo lilizaliwa jina The 700 Club.

Hesabu hii ni hadithi kamili. Ina tatizo linaloweza kutajwa, wahusika wanaoweza kuhesabika na utatuzi unaoweza kuthibitishwa. Anayeahidi dola 10 anajua kwamba yeye ni mmoja kati ya mia saba. Akikosekana, pengo lake lina ukubwa unaojulikana. Anajua pia namna ya kuhakiki matokeo: mwezi ujao atawasha televisheni na kuona kama kituo kingali hewani. Kwa kipimo cha Fisher, sehemu zinashikamana na zinaafikiana na maisha ya mtu anayelipa kodi ya nyumba na bili ya umeme.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kulinganisha umbo hili na harambee ya kujenga darasa. Huko pia kiasi hutangazwa, na mchangaji hujiona sehemu ya jumla. Tofauti ni kwamba harambee ya darasa huishia kwenye bati na ukuta. Siku moja mchango hukoma kwa sababu darasa limesimama. Mchango wa kituo hauna paa la kuezeka. Utatuzi wake hudumu mwezi mmoja, kisha tatizo hurudi lilivyokuwa. Ndani ya hadithi iliyoonekana kufungwa, basi, mlikuwa na mlango uliobaki wazi tangu mwanzo.

4.2 Mtazamaji kama mhusika

Katika changizo, wazo la Horton na Wohl linahitaji kurekebishwa. Uhusiano wa upande mmoja hupata njia ya kurudi: simu. Mtazamaji anayepiga simu studioni hubadilisha kinachoendelea hewani, kwa kuwa idadi inayotangazwa huongezeka kwa sababu yake. Anatoka katika nafasi ya hadhira na kuingia katika nafasi ya mhusika. Jambo hili halipatikani kwa urahisi katika mahubiri, ambako msikilizaji anaweza kuguswa bila mhubiri kutambua.

Hata hivyo, uwezo huo unaweza kuhamishwa kutoka kwenye hesabu na kuwekwa kwenye hisia. Masimulizi ya historia ya kituo yanaeleza kwamba katika changizo la mwaka 1965 mtangazaji kijana Jim Bakker alilia mbele ya kamera, akihofia kituo kufungwa, na simu zikamiminika. Hakuna haja ya kutilia shaka machozi hayo ili kuona yalichokibadili. Hesabu humuuliza mtazamaji, "Je, tumefika?" Machozi humuuliza, "Je, utatuacha?" Swali la kwanza lina jibu linalofunga hadithi. La pili linaweza kuulizwa tena kesho, hata kama fedha zimetosha.

4.3 Jina linapobaki bila hesabu

Mwaka 1966 jina The 700 Club lilihamia kwenye kipindi cha mazungumzo. Mwaka 1977 CBN ilianza kutumia setilaiti, na matangazo yakavuka mipaka ya Virginia. Wachangiaji walizidi mia saba kwa mbali, lakini namba ilibaki palepale. Hapo namba ilikoma kuwa hesabu na ikawa nembo: iliendelea kuzungumza kwa sauti ya kituo maskini ilhali haikumwambia tena mtazamaji ni kiasi gani kinatosha. Mwaka 1989 chaneli 27 ilibadilishwa jina na kuwa WGNT, chini ya wamiliki wengine. Kituo kilichoombewa uhai kilikuwa kimeondoka. Jina la ombi likaendelea kuishi.

Mwaka huohuo Bakker, ambaye alikwishaondoka CBN mwaka 1972 na kuongoza huduma ya PTL, alitiwa hatiani kwa ulaghai. Wafadhili wa PTL walikuwa wameuziwa ubia wa maisha kwa dola 1,000, wakiahidiwa malazi ya kila mwaka, na ubia huo uliuzwa kwa watu wengi kuliko vyumba vilivyoweza kuwapokea. Si haki kukibebesha kituo cha Portsmouth kosa lililotendeka kwingine. Kwa mhakiki wa masimulizi, hata hivyo, kisa hiki kinaonyesha ukomo wa mwelekeo uliojadiliwa: ahadi iliyoanza kwa hesabu inayofungika iliishia kwenye hesabu isiyoweza kufungika hata kidogo.

5.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba nguvu ya ombi la WYAH-TV haikutokana na ukubwa wa kituo bali na udogo wake. Udogo ulimwezesha mtazamaji kuuona mwisho wa hadithi aliyoingizwa ndani yake. Ukuaji uliondoa mwisho huo bila kuondoa sauti ya dharura.

Matokeo haya yana maana kwa watafiti wa ushuhuda na ombi katika vituo vya dini vya Afrika Mashariki, ambako namba ya kutuma fedha kwa simu hupita chini ya kioo wakati mtu akisimulia kuponywa. Kiswahili cha kanisani hutumia neno moja, ahadi, kwa kile muumini anachokusudia kutoa na kwa kile Mungu anachokusudia kutenda. Kati ya ahadi hizo mbili yupo msimamizi wa kituo, ambaye mara nyingi yeye mwenyewe haahidi kitu. Wahenga walisema ahadi ni deni. Uhakiki wa vipindi hivi unapaswa kuuliza deni la kituo kwa mtazamaji ni lipi, na litahesabiwa kuwa limelipwa lini.