Lami na Shamba kwa Pikipiki Moja: Hesabu za Kabuku

Dereva wa bodaboda wa Kabuku, kando ya barabara kuu ya Chalinze–Segera, ana kazi mbili zisizopatana. Abiria wa kwanza anataka kuwahishwa Segera kupitia Michungwani, huku mabasi ya Arusha yakiwapita na kuwayumbisha. Wa pili ana magunia ya machungwa shambani, kwenye njia ya mchanga na makorongo ambayo masika huigeuza utelezi mtupu. Pikipiki ni ile ile.

Ukiuliza ni pikipiki gani inafaa, wengi hukuonyesha iliyoinuka, yenye madigadi ya mbele yaliyo juu na tairi za kashata. Jibu hilo lina asili yake. Mwaka 1968 Yamaha walianza kuuza DT-1 ya sisi 250, iliyofungua soko kubwa la pikipiki za lami na porini kwa pamoja. Honda wakaja na ukoo wa XL. Kwetu tulizifahamu kupitia kwa bwana shamba na watu wa miradi: Honda XL 125, Yamaha DT 125, na AG100 ambayo cheni yake imefunikwa yote ndani ya boksi. Huo mfuniko wa cheni, kwa maoni yangu, ndio wazo la busara kuliko yote yaliyowahi kuletwa kwenye vumbi letu, na inasikitisha pale pikipiki ya biashara inapoacha cheni wazi.

Siri ya XL na DT iko kwenye gurudumu la mbele, inchi 21, wakati pikipiki ya bodaboda kama Boxer inatembelea 17. Pamoja na tairi, kipenyo kinazidiana kwa karibu sentimita 10. Gurudumu kubwa hulipanda jiwe kwa mwinuko mdogo na halizami kwenye shimo ambalo dogo litatumbukia. Lakini tairi ya inchi 17 utaipata kwa urahisi barabarani, maana bodaboda nyingi zinaitumia. Ya 21 huenda ukaagiza mjini, na siku unazosubiri ni siku zisizo na hesabu ya jioni. DT nayo huchoma oili pamoja na petroli. Ni nyepesi na ina nguvu, ila ukiibana kwa kasi moja safari ndefu ya lami na oili yake imepungua, pistoni itang'ang'ania.

Kwa hiyo nasimama upande usio na mbwembwe: nunua pikipiki ya kawaida ya sisi 125 au 150 ambayo spea zake ziko jirani, kisha ibadilishe sehemu mbili tu, spoketi na tairi.

Hesabu ya spoketi ni hii. Chukua mfano wa meno 14 mbele na 42 nyuma: spoketi ya mbele inazunguka mara 3 ili gurudumu lizunguke mara 1. Ukiweka meno 13 mbele, uwiano unakuwa 3.23. Nguvu ya kupanda mlima na gunia nyuma inaongezeka kwa karibu asilimia 8. Gharama yake unailipa kwenye lami: injini iliyokuwa ikikupeleka kilomita 80 kwa saa, kwa mzunguko ule ule itakupeleka 74. Unaweza kupata karibu matokeo hayo hayo kwa kuacha 14 mbele na kuweka 45 nyuma. Cheni hupenda njia hii ya pili, kwa kuwa spoketi ndogo ya mbele huikunja sana na kuila upesi. Ila ile ya mbele ni rahisi kubadilisha, na fundi haombi kufungua gurudumu. Anayeshinda shambani abadilishe. Anayeshinda lami aache ya kiwandani, maana pikipiki inayolia kwa gia ndogo mbele ya basi ni hatari.

Tairi za kashata ndefu zinashika tope lakini hulika haraka kwenye lami ya moto, na kwenye kona yenye maji hazikai. Kashata fupi zilizosongamana zinatosha. Kwenye mchanga watu hupunguza upepo, na wanapatia, mradi hawana mzigo. Mimi niliwahi kuupunguza nikiwa na gunia nyuma: tairi ikazunguka kwenye rimu, tyubu ikang'oka valvu, na nikasukuma hadi barabarani. Kabuku kuna mkonge pia, na ncha ya jani lake likikauka ni msumari. Beba tyubu ya akiba na pampu.

Matunzo ndiyo yanayoamua maisha ya injini, na hapa adui ni vumbi jekundu kuliko umbali. Sponji ya ea klina ioshwe kwa sabuni, ikaushwe kabisa, ipakwe oili kidogo na kukamuliwa. Kiangazi, kwa mtu wa shamba, kila wiki si mara nyingi mno. Vumbi likipita hapo linasaga ringi, na utajua kwa moshi wa bluu, ukiwa umechelewa. Oili ya injini ndiyo hiyo hiyo inayolainisha klachi, kwa hiyo ya gari yenye dawa za kupunguza msuguano inaweza kuifanya klachi iteleze. Tafuta herufi JASO MA kwenye kopo.

Cheni isimwagiwe oili juu ya uchafu, kwa sababu vumbi likichanganyika na oili linakuwa msasa. Futa kwanza, paka, kisha futa tena kilichozidi. Ulegevu wake upimwe pikipiki ikiwa imebeba uzito, maana sehemu ya nyuma inaposhuka kwa mzigo cheni hukaza, na iliyokazwa mno huua beringi ya giaboksi. Na kila ukitoka njia mbovu, gonga spoku moja moja kwa spana. Iliyokaza hulia kwa sauti kali, iliyolegea hudunda. Ukiiacha hiyo moja, jirani zake hubeba mzigo wake hadi rimu ipinde. Breki za ngoma nazo, ukivuka tope, zibane kidogo huku ukitembea taratibu ili zikauke kabla hujaingia barabara kuu.

Siku ya kununua, kabla hujauliza bei ya pikipiki, uliza bei ya cheni na spoketi zake, kisha mwambie muuzaji akuonyeshe zilipo. Kama leo hana, nenda duka la pili.