Layla kaimbwa sana, nani kamsikiliza?



Kila tukikaa kuzungumzia nyimbo za Layla na Majnun huwa tunazipima kwa kipimo kimoja tu: nani kalia vizuri zaidi. Abdel Wahab, au yule wa Baku, au Rafi? Mie naona kipimo hicho kina walakini, na naomba mnivumilie nieleze.

Tuanze na kisa chenyewe, maana siku hizi kinasimuliwa kana kwamba baba wa Layla alikuwa mkorofi tu. Habari za Qays bin Mulawwah wa Bani Amir alizikusanya Abul Faraj al-Isfahani katika Kitab al-Aghani, karne ya 10, naye huyo huyo anawanukuu wapokezi waliotilia shaka kama mtu huyo aliwahi kuishi. Lakini mapokezi yanayojulikana zaidi yanataja sababu ya posa kukataliwa. Qays alimtaja binti wa watu kwa jina katika mashairi yake, mashairi yakaenea, na kumwoza baada ya hapo ingekuwa ni kuikiri aibu mbele ya Waarabu wote. Yaani wimbo ndio uliowatenganisha! Basi anayekichukua kisa hiki akakitia muziki ana mtihani mkubwa, kwani silaha aliyoishika mkononi ndiyo ile ile iliyoua.

Uzeyir Hajibeyov alikuwa kijana wa miaka 22 tu alipoitoa opera yake ya Leyli na Majnun huko Baku mwaka 1908, opera inayohesabiwa kuwa ya kwanza katika nchi za Waislamu. Maneno aliyachukua kwa Fuzuli, mshairi wa karne ya 16. Sehemu kubwa hakuiandika nota kabisa. Alitaja tu ni mugham gani iimbwe hapo, yaliyobaki akamwachia mwimbaji na mpiga tar (hiki ni chombo cha nyuzi chenye shingo ndefu, msije mkadhani ni tari letu). Kwa hiyo maumivu ya Majnun hayawi yale yale usiku wa leo na wa kesho. Hilo peke yake linaifanya kazi hii iwe kubwa. Lakini usiku ule wa kwanza Leyli aliigizwa na mwanamume, kwa kuwa haikuruhusika mwanamke asimame jukwaani. Watu hulitaja jambo hili kama kichekesho. Mie halinichekeshi. Opera imeanza na jina lake, mwenyewe hayumo. Baadaye wanawake waliishika nafasi hiyo, na mwaka 2016 Alim Qasimov alipoimba na bintiye Fargana kwa ajili ya dansi ya Mark Morris, pakawa hapana tena wa kumbeza Leyli. Binti alimtoa baba jasho.

Abdel Wahab sasa. Kipande chake kimo katika filamu ya Yawm Said ya mwaka 1940, na maneno ni ya Ahmed Shawqi, kutoka mchezo wake wa kuigiza. Qays anafika usiku kuomba moto. Moto gani? Kisingizio. Anasimama na Layla mpaka viganja vinaungua na mwenyewe hana habari. Anayemwimbia Layla ni Asmahan, naye anasikika tu, haonekani. Sikilizeni jinsi anavyojibu: hana haraka, hapigi kelele, na kila akijibu unamwona Qays anakuwa mdogo kidogo. Halafu baba anatokea na kumfukuza, na kwa dakika zile chache tunamsikia mtu anayeiona nyumba yake ikiungua. Waliozoea kumchukia yule mzee wajaribu kusikiliza tena.

Filamu ya Kihindi ya 1976 sitaizungumza sana. Madan Mohan alifariki 1975 kabla ya kuimaliza, Jaidev akamalizia, na nyimbo ni tamu, wala sibishi. Ila wamekigeuza kisa kuwa uadui wa koo mbili, basi shairi limetoka msafi kama maji ya kisima.

Wa kushangaza ni Mzungu. Eric Clapton, mwaka 1970, kalipigia gitaa jina la Layla mpaka masikio yakauma, kumbe jina lenyewe si la huyo anayemlilia. Alikuwa Pattie Boyd, mke wa rafiki yake George Harrison. Sisi watu wa taarab tunalijua hilo: fumbo. Lakini fumbo nalo lina kufumbuka, na la Clapton dunia nzima ilishalifumbua zamani.

Nami nina sababu ya kulisema hili. Shangazi yangu mmoja, Mungu amrehemu, aliimbiwa. Jina halikutajwa, kilitajwa kizingiti cha nyumba yao na marashi yake, na ukumbi mzima wa harusi ukageuza shingo kumtazama. Haikupita wiki, posa iliyokuwepo ikarudishwa. Wimbo ni mzuri, mpaka leo unapigwa, na mwenye kuutunga alisifiwa sana. Nikiwa mdogo nilikuwa nikimwona, kila redio ikipiga kile kipande cha Abdel Wahab, anainuka anakwenda zake jikoni. Nilidhani hapendi Kiarabu. Siku moja nikamwuliza. Akanambia, "Mwanangu, huyo anayelia nyote mnamsikia. Huyo mwenye jina lake, usiku ule alilala vipi?"

Kwa hiyo, kimuziki namwachia Hajibeyov nafasi ya kwanza, wala sioni wa kumfikia. Lakini nikitaka kumsikia Layla narudi kwa Asmahan, pale anapoitwa gizani.