Tagi Haijawahi Kuona Mvua ya Kakamega

Tagi ya koti la mvua ni fasihi fupi sana, na kama fasihi yoyote inayotaka pesa zako, mhusika mkuu ni wewe, ila ukiwa mahali pengine. Nimekuwa nikizisoma kwa miezi kadhaa sasa, zingine mtandaoni, zingine zikining'inia kwenye mitumba sokoni hapa Kakamega. Neno ambalo halikosi ni "linapumua": mvua haiingii, jasho linatoka. Kwenye picha kuna msee amesimama juu ya mwamba, ndevu kavu, pumzi yake inatoka mdomoni kama moshi. Shika huo moshi, tutaurudia.

Mimi niko Amalemba. Nikitoka na mkoba mgongoni nashika matatu ya Shinyalu, naingia msituni upande wa Isecheno, halafu napanda kilima cha Lirhanda. Asubuhi jua linawaka. Kuanzia saa nane hivi mawingu ya upande wa Ziwa Victoria yanajikusanya dhidi ya miinuko ya Nandi, na kinachofuata hakihitaji kuelezwa kwa mtu aliyewahi kuanika nguo huku. Kwa mwaka tunapata karibu milimita 2,000 za mvua. London, jiji lililojijengea jina kwa mvua, hupata kama 600. Kwa hivyo mtu akiniambia koti limejaribiwa "katika mvua halisi", namuuliza: halisi ya nani?

Tuanze na namba, kwa sababu tagi hujificha nyuma ya namba. Koti la wastani huandikwa 10,000 mara mbili. Ya kwanza ni milimita za maji: kitambaa kinaweza kubeba mnara wa maji wa mita kumi kabla hakijavuja. Hiyo naikubali, mradi mishono imezibwa. Ya pili ndiyo riwaya. Inasema mita moja ya mraba ya kitambaa hupitisha gramu 10,000 za mvuke kwa saa 24. Niliacha chuo kabla sijamaliza, lakini kugawanya elfu kumi kwa 24 bado naweza: ni gramu 417 kwa saa. Mtu anayepanda mlima kwa nguvu anaweza kutoa jasho la lita nzima kwa saa hiyo hiyo. Hata koti la 20,000, lile ambalo bei yake inazidi kodi ya nyumba yangu, linafika gramu 833. Na hayo ni matokeo ya maabara, bila mkoba uliobana mgongo wote.

Hadithi hii ina umri. Mwaka 1823 Charles Macintosh, Mskoti, alisajili kitambaa chenye mpira katikati ya matabaka mawili. Maji hayakuingia, lakini waliolivaa walilalamika kwamba wanachemka ndani. Mwaka 1969 Bob Gore, Mmarekani, alivuta plastiki moja kwa ghafla ikawa utando wenye vitundu vidogo sana: tone la maji halipiti, mvuke unapita. Makoti ya Gore-Tex yakaingia sokoni mwaka 1976. Ni uvumbuzi mkubwa, sitaki kuubeza. Shida ni kwamba mvuke hausukumwi na matangazo. Unatoka palipo na mwingi kwenda palipo na mchache. Ndani ya koti kuna mwili wenye joto, nje kuna hewa ya Scotland ya nyuzi tano: msukumo mkubwa, mvuke unatoka mbio. Sasa rudi kwa moshi wa yule msee. Pumzi yake inaonekana kwa sababu ameganda. Msituni Kakamega, mvua ikinyesha kwenye nyuzi ishirini na kitu, hewa ya nje nayo imeshiba maji, na zaidi ya theluthi ya msukumo ule haupo. Halafu kitambaa cha nje kikichakaa na kuanza kunywa maji badala ya kuyateremsha, hata huo uliobaki unafungiwa. Unafika juu umelowa, unalaumu mvua. Kumbe ni wewe mwenyewe umejinyeshea.

Ndiyo maana nikisoma mapitio ya makoti mepesi, wale jamaa wanaobishana gramu 160 dhidi ya 190, naona wanafanya uhakiki wa jalada tu. Huku kinachopumua ni tundu. Mimi naangalia zipu za kwapani kwanza, ndefu, zinazofunguka bila kuvua mkoba. Koti liwe pana, hewa izunguke. Kofia iwe na ukingo mgumu mbele. Na kwa njia tambarare ya msituni, isiyo na upepo, mwavuli unalishinda koti lolote, hata kama hauna sura ya mtu wa safari. Poncho pia iko sawa, inafunika mpaka mkoba, ila vichaka vinaivuta.

Sokoni uhakiki unafanywa kwa vidole. Geuza koti ndani nje. Kama ile tepi ya mishono inabanduka kama ganda la kitunguu, au bitana inanata na kumwaga unga mweupe, weka chini: unyevu na joto la kukaa kwenye belo zimeshakula ile rangi ya ndani inayozuia maji. Mama mmoja aliniona nikichokonoa mshono akasema, "Kijana wangu, wewe unanunua koti ama unanunua tepi?" Nikamwambia, "Mama, tepi ndiyo nanunua." Alicheka, lakini bei haikushuka.

Kuna mahali ambapo tagi inasema kweli, na siyo mbali. Pitia Webuye, fika Kitale, ingia Mlima Elgon kwa lango la Chorlim. Koitobos iko mita 4,222. Huko juu pumzi yako inaonekana, upepo unakata, na mtu aliyelowa na fulana ya pamba anaweza kupata baridi ya kuua bila theluji yoyote. Huko utando unafanya kazi yake, na gramu 150 za karatasi hazitoshi. Chukua koti zito kidogo linaloenea juu ya sweta, na fulana isiwe ya pamba.

Langu ni la shilingi 600, la kijani, jina la kampuni limefutika. Zipu za kwapani zinafika mbavuni, tepi imeshika. Nalifua kwa sabuni ya kipande na kulisuuza mara mbili, kwa sababu mabaki ya sabuni ya unga huvuta maji kwenye kitambaa, kisha napitisha pasi ya moto mdogo juu ya leso. Matone yanateleza tena. Tagi nilikata.